Daftari la Wapiga Kelele

Watu wa kwetu Qurus, wilayani Karatu, wana tabia moja inayonichefua. Wakikutana na mimi msibani au harusini, kabla hata sijapata pa kukaa, wananishika mkono na kuniambia, "Mwalimu alijua kulea." Baba yangu yuko hai, anafuga kuku wa mayai na kuwafokea kutwa, lakini wao wanamsema kama marehemu mtakatifu. "Nyumba ile ilikuwa na nidhamu bwana! Ulikuwa unapita barabarani husikii mtoto." Husikii mtoto! Na wanaitoa kama sifa. Nyumba ina watoto wanne, mpita njia hasikii hata mtu kukohoa, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kusimama akajiuliza, jamani, humo ndani kuna nini?

Mimi nilikuwemo, kwa hiyo nitasema. Mdogo wangu wa kike, anayenifuata, alipoteza sauti ndani ya nyumba ile akiwa na miaka kumi na mitano. Mpaka leo ukoo mzima unasema ilikuwa malaria iliyompanda kichwani. Maskini mbu, amesingiziwa mengi katika nchi hii, lakini hili halikuwa lake.

Baba alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Walimu wakuu wengine wakitoka kazini wanaiacha shule shuleni. Wa kwetu alirudi nayo. Alimwomba fundi mmoja wa Karatu mjini rimu ya lori, akaitundika kwenye mgrevilea uani, na kila alfajiri saa kumi na moja na nusu aliigonga kwa kipande cha nondo mpaka mbwa wa majirani wakalia. Hapo sisi wanne tunatoka mbio, tunajipanga mstari kwa urefu, kwenye baridi ile ya Juni ambayo mtu wa pwani akiionja siku moja anaandika wosia. Baba anafungua kitabu cha mahudhurio. Kitabu cha mahudhurio, kwa watoto wake wa kuwazaa! Anatuita majina matatu matatu, na mawili ya mwisho ni yake mwenyewe. Tunaitikia, "Nipo, baba!" Kisha anakagua kucha, masikio na kola. Mama anasimama mlangoni pa jiko na mwiko mkononi, akisubiri ruhusa ya kuita watu wakanywe chai.

Sasa, kila aliyesoma nchi hii anajua kwamba darasa haliwezi kukaa bila kiranja, na kiranja hawezi kukaa bila karatasi ya wapiga kelele. Mwalimu akitoka, kiranja anaandika majina; mwalimu akirudi, majina yanakula fimbo. Nyumbani kwetu kiranja nilikuwa mimi, kifungua mimba. Baba alininunulia kaunta buku ya kwaya mbili, akaandika juu ya jalada kwa kalamu nyekundu NIDHAMU, na akanikabidhi mbele ya wote kana kwamba ananiapisha kuwa mkuu wa wilaya. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Nikalifunika daftari lile gazeti lisichafuke, nikalilalia chini ya mto.

Niliandika nini? Kila kitu. Kucheka wakati wa chakula. Kujibu. Kununa. Kusema Kiiraqw siku za shule, maana baba aliamini lugha ya bibi zetu ndiyo inayofelisha hesabu. Tuliokatazwa ni sisi, lakini mama naye akawa anainong'ona jikoni kama mtu anayeuza gongo. Kelele, bila shaka. Na kwenye kelele, jina lililojaa kurasa zangu lilikuwa moja tu, la mdogo wangu.

Alikuwa mdomo, mtoto yule. Mwenyezi Mungu alimpa koo la watu ishirini. Alimwiga dalali wa mnada wa Karatu akinadi beberu. Alimwiga mchungaji anavyosafisha koo kabla ya kuomba sadaka. Aliwaiga madereva wa watalii wanaposimama njia panda ya Ngorongoro na kofia zao za majani, wakiwaeleza Wazungu kwa Kiingereza cha puani habari za simba ambaye hawajamwona wiki nzima. Siku moja, mimi na yeye tukipepeta maharage nyuma ya nyumba, alimwiga baba akigonga rimu: tumbo mbele, nondo juu, jicho moja limefumba. Nilicheka mpaka machozi. Kisha nikafuta machozi, nikaenda ndani, nikaandika jina lake.

Mnashangaa nini? Ndiyo kazi niliyopewa, na niliipenda.

Adhabu haikuwa fimbo peke yake. Fimbo ilikuwepo, nne za kawaida, lakini baba alijiona mtaalamu wa malezi, na mtaalamu hawezi kukosa ubunifu. Aliyeandikwa alitoka mbele ya mstari kesho yake alfajiri, akasoma kosa lake kwa sauti: "Mimi nilicheka wakati wa chakula. Sitarudia." Na sisi wengine tukaitikia pamoja, "Tumesikia." Wadogo zetu wawili wa kiume, mmoja hata meno ya mbele hana, nao wanaitikia tumethikia. Fikiria mtoto anayeambiwa kila asubuhi, kabla ya chai, atangaze kwamba kufurahi kwake ni kosa. Fanya hivyo miaka saba halafu uje uniulize ametoka wapi na huzuni.

Na sifa zikaenea. Likizo zikifika, ndugu na majirani wakaanza kutuletea watoto wao waliofika umri wa kubishana, ili wanyooshwe. Neno lenyewe ndilo hilo, kunyooshwa, kama misumari. Mjomba akaleta wanawe wawili kutoka Mbulu. Mwenye mashine ya kusaga akaleta wake. Baba alivimba, akaongeza urefu wa mstari, na mimi nikaongezewa kurasa.

Mtu mmoja tu ndiye aliyewahi kumdharau baba machoni, na alitoka Nainokanoka, kwenye milima ya Ngorongoro, Mmaasai mfugaji, rafiki yake tangu baba alipofundisha huko juu akiwa kijana. Alishuka na bintiye wa kidato cha pili aliyekuwa anasumbuliwa na hesabu, alale kwetu siku moja, amwache binti wiki tatu. Alfajiri rimu ikalia. Akatoka na shuka lake mabegani, akasimama pembeni, akatazama mstari, mahudhurio, kucha, na mdogo wangu akisoma kosa lake la jana. Akamvuta baba kando, ila sauti yake haikuwa ya kando.

"Mwalimu, hawa wamekosa nini?"

"Hawajakosa. Hii ni ya kila siku."

"Kila siku? Hata kama hawajakosa?"

"Ndiyo kinga yenyewe hiyo. Wasipate nafasi ya kukosa."

Yule mzee akamwambia bintiye neno kwa Kimaasai, na binti akaenda kuchukua begi lake mbio utadhani nyumba inaungua. "Mimi nachapa, Mwalimu," akasema. "Kijana akipoteza mbuzi kwa uzembe, nachapa kweli kweli. Nikimaliza nimemaliza, tunakaa tunakunywa maziwa. Wewe humalizi." Wakaondoka bila chai.

Baba akacheka na sisi, maana hakuwa na mwingine wa kucheka naye. "Mnaona? Ndiyo maana hawaendelei hawa." Na mimi, mwenye kaunta buku, nikacheka naye. Watu wa Qurus tuna mashamba ya ngano na vyeti ukutani, nani atatufundisha kulea?

Kwenye kundi letu la simu la waliosoma pamoja kuna mmoja hachoki kuandika, "Sisi tulichapwa na tumekuwa watu." Nyoo! Umekuwa mtu gani, wewe? Una miaka arobaini na bado ukipigiwa simu na bosi unasimama wima chumbani mwako. Mkeo anasema na wewe kwa macho tu, na kila mtu anaona anachosema. Watoto wako wakisikia pikipiki yako getini wanazima televisheni. Huo ndio utu unaotutambia? Mimi simjibu, nasoma tu na kusonya.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, niko nyumbani nasubiri matokeo. Mdogo wangu alikuwa kidato cha tatu, shule ya kata, anakwenda na kurudi. Alianza kwa kutafuna kucha mpaka damu. Baba akikagua, anakuta vidole vimevimba, na mtoto anaandikwa: uchafu wa kucha. Kisha mikono ikaanza kutetemeka mezani. Kijiko kilikuwa kinagonga sahani, ka-ka-ka, na baba anainua macho, na kijiko kinazidi. Mama akamhamishia chakula chake jikoni, akasingizia moshi wa mezani. Moshi mezani! Maskini mama, hata uongo alikuwa amesahau kuutunga.

Kisha akaanza kukojoa kitandani.

Binti wa miaka kumi na mitano. Sisi wasichana wawili tulilala chumba kimoja, kwa hiyo nilijua. Aliamka kabla ya rimu, akafua shuka gizani, akalitandaza nyuma ya zizi ambako halionekani. Mara ya kwanza nilinyamaza. Mara ya pili nikamwambia ajirekebishe. Mara ya tatu ilikuwa Jumapili, na binamu wawili wa Mbulu wapo kwa likizo, na mimi nikawaza kwamba kiranja anayeficha kosa naye ana kosa. Nikaandika. Naweza kukuambia kwamba mkono ulikuwa mzito, lakini ningekuwa naongopa. Niliandika kwa mwandiko wangu wa siku zote.

Jumatatu alfajiri baba alisoma kimya, akafikiri kidogo, akasema utaratibu ni utaratibu. Mdogo wangu akatoka mbele. Wale binamu walikuwa na miaka kumi na sita na kumi na saba. Akasema, kwa sauti ndogo sana, alichotakiwa kusema. Baba akasema hajasikika. Akarudia. Na sisi sote tukaitikia, "Tumesikia."

Jumanne jina lake likaitwa, majina yote matatu, na hakuitika. Alikuwa amesimama palepale, macho mbele, mdomo umefunguka kidogo, lakini "nipo" haikutoka. Baba akaita tena. Akaita mara ya tatu. Akachukua fimbo. Fimbo haikuleta kitu. Alilia machozi bila sauti, na hapo ndipo niliposhikwa na hofu kwa mara ya kwanza, kwa sababu hata mtu bubu akichapwa anatoa mlio.

Baba akasema kiburi. Mama akasema malaria, akamnywesha dawa bila mtoto kupimwa. Wiki ikapita, ya pili ikaingia, mtoto hasemi, hali, amebaki macho. Akaletwa mchungaji, ambaye alitazama mara moja tu akagundua pepo bubu. Siku tatu alimkemea yule pepo kwa sauti ya kubomoa ukuta. Ungemsikia! Nyumba isiyoruhusu kicheko, sasa mtu mzima anapiga kelele mle sebuleni, anaruka, anatoka jasho, na hakuna aliyemwandika. Siku ya tatu akala kuku, akasema pepo amedhoofika, akaenda zake.

Ndipo mama akasema anamtaka mwanawe aende hospitali, na baba akakubali kwa sharti kwamba atakwenda yeye kueleza. Akaniambia na mimi, "Beba daftari. Daktari anahitaji kumbukumbu." Sikuona ajabu yoyote. Nililifuta vumbi, nikalitia kwenye mkoba, na ndani ya gari njia nzima mpaka Karatu mjini nililishikilia mapajani.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, amevaa sweta juu ya koti jeupe. Alimpima koo, masikio, damu, akamwambia apige miayo. Koo zima, kila kitu kizima. Akaanza kuuliza.

"Binti, unajisikiaje?"

"Hana shida, ni kiburi tu," akajibu baba.

"Unakula?"

"Anakula vizuri."

"Unalala?"

"Saa tatu kamili, kila siku."

"Hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini?"

Baba akakohoa. Hilo hakuwa nalo kwenye kitabu.

"Basi baba, naomba utupishe kidogo," daktari akasema, bado anaandika. Baba akatazama huku na huku akisubiri mtu apinge, hakuna aliyepinga, akatoka. Mimi nikabaki, kwa kuwa nilikuwa na kumbukumbu. Nikazitoa kwa heshima zote, nikaziweka mezani.

Daktari akafunua. Akasoma ukurasa, akafunua mwingine, akarudi nyuma mwaka mzima, akaja mbele. Alichukua muda mrefu. Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye kitanda cha kupimia, miguu inaning'inia.

"Nani ameandika hili?"

"Mimi."

"Una mwandiko mzuri."

"Asante, daktari," nikasema, na nilifurahi. Aibu yangu yote ya maisha haya ingeweza kuingia kwenye asante ile.

Akaweka kidole kwenye mstari wa Jumapili. "Hii ilisomwa wapi?"

"Mstarini."

"Mbele ya nani?"

Nikamtajia. Akasogeza kiti chake mpaka magoti yake yakakaribia ya mdogo wangu, akamwambia taratibu, "Mama, si lazima useme. Tikisa kichwa tu. Nyumbani kuna mtu unayemwogopa?"

Akatikisa kichwa, ndiyo.

"Ni baba?"

Akageuza kiganja, hivi hivi, kama mtu anayeulizwa kama chai ina sukari ya kutosha.

"Nani zaidi?"

Akanyoosha mkono. Nikageuka kutazama nyuma yangu. Nyuma yangu kulikuwa na ukuta na kalenda.

"Mimi?" nikaruka. "Mimi sijawahi kumpiga hata kofi! Muulize! Sijawahi!"

"Sikumuuliza nani anampiga," daktari akasema.

Nilianza kujieleza. Nilisema niliagizwa, nilisema nilikuwa mtoto, nilisema kila nyumba ina utaratibu wake. Hakuna aliyeniuliza. Daktari alikuwa ameshamgeukia mdogo wangu, anamkunjia mkono wa sweta uliokuwa umelegea, na mdogo wangu amemwachia mkono wake, hautetemeki.

Ushauri ulikuwa mfupi: aondoke nyumbani kwa muda, aende mahali ambapo watu wanaongea, na arudi kliniki kila wiki. Baba akauliza kwa dharau kama siku hizi maneno nayo ni dawa. Akauliza nani anathubutu kusema nyumba yake inaumiza mtu. Pale nje, kwenye benchi, mbele ya wagonjwa, mama aliyekuwa ameongozana na sisi akasema, kwa Kiiraqw, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikitoka kwake, kwamba mtoto anakwenda kwa mdogo wake. Huyo mdogo wake mama, mama mdogo wetu, baba alikuwa amemfuta zamani kwa sababu aliolewa na Mwislamu mwenye duka la jumla pale Karatu. Sasa ikabidi asimame kwenye duka hilohilo, akabidhi begi la bintiye, na shemeji aliyemkataa akamwambia, "Karibu kahawa, Mwalimu." Hakunywa. Nidhamu.

Nyumba ya mama mdogo ni fujo tupu. Wateja wanaingilia mbele, watoto nyuma, redio jikoni, nyingine chumbani, kila mtu anasema kwa wakati mmoja na hakuna anayesubiri zamu. Baba angeingia pale na rimu yake angezimia. Siku ya kumi na mbili mama mdogo akampigia mama simu analia na kucheka: mtoto amesema. Amesema nini? Amemwambia paka "Toka!" Mama alikaa chini kwenye kinu, akalia mpaka pindo la kitenge likalowa.

Nilikaa mwezi mzima ndipo nikapata ujasiri wa kwenda. Mama alinipa mayai na maharage. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, maana sisi wa kwetu hatujui kuomba radhi, tunajua kutoa maelezo, na nilitaka safari hii niombe tu. Nilipita uani kwa mlango wa nyuma, na kabla sijaukaribia nikamsikia. Alikuwa anagombana na watoto wa mama mdogo juu ya sufuria. "Imeungua! Imeungua nawaambia! Pua zenu mmeziazima? Mtu wa msikitini kule ameshasikia harufu, nyie mnakoroga tu!" Na wote wanacheka, na yeye anacheka kuliko wote, kicheko kile cha tumboni ambacho nilikuwa nimekijazia kurasa.

Nikasukuma mlango. Akaniona. Sentensi ilikuwa mdomoni mwake, nusu imetoka, na nusu ya pili haikuja. Akaweka mwiko chini, akasogea nyuma ya mama mdogo.

"Mdogo wangu," nikasema. "Nimekuja tu kukusalimia."

Akatazama sakafu. Jiko zima likanyamaza pamoja naye. Mama mdogo alinipokea mayai, akanishika bega, si kwa ubaya, akasema, "Mwanangu, kaa kwanza upande wa dukani."

Nikakaa dukani, juu ya gunia la mchele, nikapewa soda. Niliinywa polepole, nimetega sikio kule nyuma. Redio tu. Nikamaliza, nikarudisha chupa, nikaaga. Nilikuwa nimevuka barabara niliposikia kwamba ameanza tena kuongea.